MSTARI MWEKUNDU — Sehemu ya Tisa: Rimu Lililogongwa Bila Maiti

Haya, ile bahasha niliyowaachia mkononi mwa Jovitha wiki jana imefunguka, na bora isingefunguka. Najua mmekuwa mkibashiri. Kuna mmoja alinipigia simu akaapa kwamba ndani kuna barua ya mapenzi. Mapenzi gani, jamani, kwenye bahasha ya serikali?

Ndani mlikuwa na karatasi moja tu. Juu kwa herufi nene: IDARA YA ULINZI WA NDANI, KITUO CHA NKWENDA. Chini yake: Watu Wasiotambulika, Kijiji cha Nyakashozi, Kata ya Kimuli. Waondolewe nchini leo, saa kumi alasiri. Kisha yakafuata majina saba.

La kwanza lilikuwa la Nestory, kaka yake Jovitha, tumbo moja, ziwa moja.

“Yesu wangu!” Jovitha akaegemea ukuta wa korido.

Kwa wewe uliyechelewa kujiunga nasi: huyu Jovitha ni mtendaji wa kijiji cha Nyakashozi. Mumewe alifariki miaka minne iliyopita, akarudi kwao, na Nestory akampa chumba cha pembeni katika mji wa marehemu baba yao. Tangu hapo anakula chungu kimoja na kaka yake, wifi yake Edith na watoto wao watatu. Jana alfajiri watu wa Idara walikuja na gari, wakamchukua Nestory akiwa bado na mswaki mdomoni.

Na hiyo Idara ni nini? Ni kitoto kichanga. Ina miezi mitatu tangu iundwe, haina hata jengo. Kituo chake cha Nkwenda kimepanga gesti. Milangoni bado pana namba za vyumba, na juu ya kichwa cha Jovitha palikuwa na kibao kinachosema wageni hawaruhusiwi kupika. Kesho Mkurugenzi Mkuu mwenyewe alikuwa anatarajiwa mjini Omurushaka kuizindua kanda nzima, na maturubai yalikwishafungwa.

Jovitha akayasoma yale majina tena, polepole. Nestory. Wengine watano. La mwisho, mzee Eliud.

Ndipo akaona kitu ambacho kilimfanya ajishike mdomo. Wote saba walikuwa wamefutwa. Na aliyewafuta ni yeye.

Ngoja niwaeleze, maana hapa ndipo mkosi ulipoanzia.

Nyakashozi wana chama chao cha kuzikana, na Jovitha ndiye katibu. Daftari la chama lina kaya zote. Kila kaya ina mstari wake: jina la mwenye mji, halafu wote wanaokula jikoni mwake. Msiba ukitokea, kila mji unaleta mtu na jembe. Mji usiposhika jembe, wazee wanakaa, katibu anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari. Ukishapigwa mstari hakuna atakayekuja kukuzika, na wewe huruhusiwi kumzika mtu. Wengine hata moto hawakupi.

Sasa, Idara ilipoundwa ikatoa amri: kila mtendaji alete daftari la wakazi ndani ya siku tano. Daftari la wakazi la Nyakashozi lililiwa na mchwa zamani. Jovitha angefanyaje? Alichukua daftari la kuzikana, akainama siku tatu mfululizo akinakili kaya mia nne na kumi na mbili mpaka vidole vikafa ganzi. Miaka miwili alikuwa akilisoma daftari lile kila msibani, na kila akifika kwenye mstari mwekundu jicho linaruka lenyewe. Basi na safari hii liliruka. Kaya saba zikabaki nje, akagonga mhuri wa kijiji, akapeleka.

“Nimewaua mwenyewe,” akanong’ona.

“Bado hawajafa,” sauti ikamjibu nyuma yake. “Karibu ndani, Mtendaji.”

Alikuwa Gosbert, mkuu wa kituo. Mwanamume wa miaka arobaini, shati limenyooka, viatu vinang’aa mpaka unajiuliza vumbi la Nkwenda alikuwa analikwepaje.

Jovitha hakukaa. “Afande, kuna makosa. Hawa ni watu wetu! Nilinakili kutoka daftari la kuzikana. Hawa walifutwa kwenye misiba tu, hawakufutwa kwenye nchi!”

“Najua.”

“Unajua nini?”

“Nilipolifungua daftari lako nilijua limetoka wapi. Mimi ni mtoto wa Karagwe, Mtendaji. Hata kwetu wanafuta kwa wino mwekundu.”

Jovitha akadhani hakusikia vizuri. Alikuja akiamini anapambana na ujinga wa mgeni kutoka mbali, asiyejua mila za watu. Kumbe huyu anazijua zote.

“Kama unajua, kwa nini umewafungia?”

Gosbert akaketi, akashusha pumzi. Ungemwona ungemhurumia, mnafiki yule.

“Idara imepewa siku tisini kuonyesha kwamba inahitajika. Kesho Mkurugenzi ataniuliza: Gosbert, wewe uko mpakani, umepata nini? Nimwambie nimekuta wakulima wa migomba? Nilituma watu wahesabu vichwa nyumba kwa nyumba, nikalinganisha na daftari lako. Waliopo kijijini na hawapo daftarini ni watu wa mashaka. Sikuandika mimi. Uliandika wewe, na mhuri ni wako.”

“Kaka yangu ana namba ya kitambulisho!”

“Namba wanazo wengi. Kadi iko wapi?”

“Haijatoka.”

“Basi.”

“Na mke wake? Na watoto?”

“Tunaanza na wenye kaya. Waliomo ndani yao watafuata.”

Jovitha akamfikiria Edith na wale watoto watatu, yule mdogo bado ananyonya. Akaweka mikono miwili mezani. “Niandike barua ya kusahihisha. Sasa hivi, hapa hapa.”

“Wewe ni dada yake. Barua yako sitaipokea.” Gosbert akatazama saa ya ukutani, saa nne na robo. “Lakini mimi si mnyama. Niletee wazee wa kijiji watamke mbele yangu kwamba hawa ni watu wao. Na Protase awe mmojawapo. Kabla ya saa kumi.”

Akatabasamu. Kumbe hata hilo alilijua! Mzee Protase ndiye mwenyekiti wa chama cha kuzikana, na ndiye aliyeamuru Nestory afutwe.

Jovitha akatoka mbio. Nyuma ya gesti kulikuwa na ghala la zamani la kahawa, mlango wa bati, askari wawili. Akasikia kikohozi kirefu kutoka ndani, kikohozi cha mtu mzima.

“Ni yule mzee,” akasema Shaaban, mfanyabiashara wa ndizi ambaye duka lake linatazamana na ghala. “Eliud. Anakohoa tangu jana. Nimepeleka maji wakanirudisha nayo, wallahi.”

“Shaaban, una gari?”

“Fuso lipo, naenda kupakia Kimuli.”

“Nipeleke Nyakashozi, ndugu yangu. Nitakuombea kwa Mungu wangu na wako.”

Shaaban akamwangalia usoni, akatupa kitambaa cha kufutia kaunta. “Panda.”

* * *

Mzee Protase walimkuta shambani, anakata majani makavu ya migomba kando ya kaburi la mkewe, Renatha. Kaburi lenyewe lina sakafu na vigae, na limefagiliwa kuliko sebule ya mtu.

“Shikamoo, Tata,” Jovitha akaamkia; kule kila mzee huitwa Tata, yaani baba.

“Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya yule, rudi ulikotoka.”

Kwa kawaida mgeni akifika kwa Protase hupewa buni za kutafuna kabla hajasema shida yake. Mzee huwa nazo mfukoni siku zote, zimefungwa kwenye kipande cha jani la mgomba. Safari hii mkono haukwenda mfukoni.

“Tata, saa kumi wanamvusha mpaka. Yeye na wengine sita. Wanawaita wageni.”

“Nimesikia.”

“Na umekaa unakata majani?”

Protase akachomeka kisu kwenye mgomba. “Siku tuliyomzika huyu hapa, mvua ilinyesha toka asubuhi. Kaburi lilijaa maji mara mbili, watu wakayachota kwa ndoo. Kila mji ulileta mtu. Mpaka vilema walikuja kukaa tu. Nilisimama pale kwenye kahawa nikitazama njia, nikasema Nestory atakuja, ni mtoto niliyembeba. Hakuja. Nilipomuuliza alikuwa wapi, akainamisha kichwa, hakusema neno. Sasa leo yeye ndiye anataka watu wamwendee?”

Msomaji, hili jambo nililificha tangu sehemu ya kwanza. Mlimchukia Nestory, na mimi niliwaacha mumchukie. Leo inabidi lisemwe, na Jovitha ndiye anapaswa kulisema.

Akapiga magoti kwenye majani makavu.

“Tata, siku ile kaka alikuwa amenibeba mimi.”

“Amekubeba nini?”

“Amenibeba mgongoni, hadi barabarani, hadi tukapata gari la hospitali. Mimba ilikuwa imetoka. Damu ilikuwa haikatiki.” Akayakunja majani makavu kiganjani. “Mjane wa miaka miwili, Tata. Nikamwambia akisema kwa mtu nakunywa sumu. Akaniapia. Hakusema mpaka leo, hata kwa Edith.”

Mimba ya nani? Msiniulize leo.

Protase alichomoa kisu mgombani, akakifuta kwenye suruali. Shaaban, aliyekuwa amesimama mbali kidogo, akajifanya anakagua mikungu ya ndizi.

“Na ulipokuja kwenye kikao cha wazee,” mzee akasema hatimaye, “ulikuwa unajua haya yote.”

“Nilijua.”

“Nikasema Nestory afutwe.”

“Ulisema.”

“Nani alishika kalamu?”

Jovitha alilia mpaka kamasi zikamtoka. “Mimi, Tata. Niliishika mimi. Niliogopa aibu, nikamfuta kaka yangu kwa mkono wangu huu.”

Nilitegemea mzee amtukane, na angekuwa na haki. Badala yake alijishika kiuno, akainuka kwa taabu, akatazama kaburi la mkewe kana kwamba anaomba ruhusa. Kisha mkono ukaingia mfukoni. Akafungua kile kipande cha jani, akampa Jovitha buni mbili, akatia mbili kinywani mwake.

“Tafuna,” akasema. “Halafu tukagonge rimu.”

“Rimu? Lakini hakuna aliyekufa!”

“Wazee watatu watasikilizwa na nani pale Nkwenda? Tafuna twende.”

Rimu la Nyakashozi ni la lori, limening’inizwa kwenye nguzo mbele ya kibanda cha chama. Likigongwa mara tatu, kuna msiba. Na desturi yao ni moja ambayo sijaiona kwingine: ukisikia rimu unachukua jembe kwanza. Huulizi aliyekufa ni nani. Ukiuliza jina kabla ya kushika jembe utaonekana unachagua wa kumzika, na kwa kosa hilo peke yake unaweza kufutwa.

Lakini lina mwiko wake pia. Rimu haligongwi bure. Wahenga wa pale walisema ukiita kifo kwa mzaha kitakuja kuuliza nani kakiita.

Protase alilijua hilo kuliko wote. Akashika chuma. Akagonga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Watu wakatoka migombani. Wanaume, wanawake, mmoja na sabuni bado masikioni. Majembe, makoleo, sururu. Hakuna aliyeuliza. Protase akawaonyesha Fuso la Shaaban, wakapanda, arobaini na kitu, wamesimama wima mahali pa mikungu ya ndizi. Njia nzima walikuwa kimya, kwa sababu ndivyo mtu anavyokwenda kuzika.

* * *

Saa nane na dakika ishirini Fuso likasimama mbele ya ghala.

Wanunuzi wa kahawa wakaacha mizani. Askari wawili wa mlangoni walipoona watu wenye majembe wanashuka mmoja baada ya mwingine, mmoja akakimbilia gesti kumwita bosi.

Gosbert akatoka, vile viatu vyake vinang’aa.

“Nini hiki? Nilisema wazee!”

“Wazee wamo,” Protase akajibu. “Mimi ni mwenyekiti wa kuzikana, Nyakashozi. Hao watu saba uliowafungia humo ni wa kijiji chetu. Tunawahitaji wakashike majembe. Rimu limegongwa.”

“Rimu?” Gosbert akacheka, ila macho hayakucheka. “Mnakwenda kuzika? Kaburi la nani?”

Protase akasogea hatua moja. “Nasikia wewe ni mtoto wa huku. Kwenu huwa mnauliza hivyo kabla ya kushika jembe?”

Minong’ono ikapita kwenye kundi. Mwanamke mmoja akamtazama Gosbert toka kichwani hadi miguuni, akasonya sonyo refu la kumvua nguo. Ng’ambo ya barabara simu zikainuliwa juu, ya Shaaban ikiwa ya kwanza. Gosbert aliziona. Aliyaona na majembe. Bila shaka alimwona pia Mkurugenzi Mkuu, kesho, na yale maturubai ya Omurushaka.

Akalamba midomo. “Fungua,” akamwambia askari.

Mlango wa bati ukalia. Joto la ndani likatoka na harufu yake.

Wakatoka watano, wakifinya macho kwa mwanga. Mmoja alipokiona kikundi cha jirani zake akaanza kulia palepale.

Halafu akatoka Nestory.

Alikuwa ameinama, amembeba mzee Eliud mgongoni. Miguu ya mzee ilining’inia, mmoja una kandambili, mwingine hauna. Jovitha alimkimbilia kaka yake akitaka kumkumbatia, akidhani mzee amechoka, amelala. Akamgusa Eliud mkono. Akaurudisha mkono wake haraka.

“Mshusheni taratibu,” Nestory akasema, sauti imekauka. “Amekufa saa sita. Tuligonga mlango mpaka mikono ikavimba. Hawakufungua.”

Kisha akainua macho, akawaona watu wote wale, na majembe yao, na Protase mbele. Uso wake ukavurugika.

“Mmekuja,” akasema. “Tata, mmekuja kweli. Nani aliwaambia kwamba mzee amekufa?”

Nilimwona Protase, ambaye amezika nusu ya kijiji bila kutoa chozi, akishika mpini wa jembe kwa mikono miwili ili asianguke. Saa sita ndiyo saa aliyokuwa amesimama chini ya rimu.

Na huyo Eliud, alifutwa kwa nini? Ugonjwa wa ngiri ulimzidi akashindwa hata kufika msibani, na hakuwa na mtoto wa kumtuma. Basi, hilo tu. Watu haohao waliokuwa wakimfunika sasa kwa vitenge vyao ndio waliokubali apigwe mstari.

Protase akamwendea Nestory. Hakuomba msamaha, wazee wa kule hawajui kuomba msamaha. Akampa jembe lake mwenyewe.

“Shika,” akasema. “Huyu tutamchimbia kwake, kwenye kahawa zake. Wewe ndiye utaanza.”

Nestory akalishika. Ndugu zangu, niliandika sentensi hii nikalazimika kusimama kwanza ninywe maji. Mtu alikuwa amerudishwa kwao.

Ningependa sana kuishia hapa. Lakini Gosbert alikuwa bado amesimama.

“Mtendaji,” akaita kwa upole. “Njoo ofisini mara moja. Peke yako.”

* * *

Alimwekea fomu mezani, imekwisha kujazwa. Jovitha akaisoma. Marehemu mwanamume, umri takriban miaka sabini. Jina halijulikani. Asili yake nje ya nchi. Alikutwa amekufa kando ya barabara.

Chini palikuwa na nafasi mbili, ya sahihi ya mtendaji na ya mhuri wa kijiji.

“Ukisaini,” Gosbert akasema, “hao sita wanapanda Fuso sasa hivi, wanakwenda kwao, na majina yao nayaingiza daftarini kwa mkono wangu. Huyu mmoja atazikwa na halmashauri.”

“Kama mbwa.”

“Kama mtu asiyejulikana. Mzee mwenyewe hana mke, hana mtoto. Nani atamdai?”

“Na nisiposaini?”

“Askari waliokuja kwa sherehe ya kesho wameshatoka Omurushaka. Hawatafika na majembe.”

Jovitha akatazama dirishani. Nestory alikuwa ameketi chini kando ya maiti, jembe mapajani, anamfukuzia mzee nzi kwa jani. Sahihi moja tu. Eliud hatasikia. Ameshakufa, na Nestory yu hai, na watoto wa Nestory watamwona baba yao jioni hii.

Akachukua kalamu.

Akakumbuka kikao kile cha wazee. Kalamu ilikuwa nyepesi hivihivi. Alijiambia maneno hayahaya, kwamba ni mstari tu, kwamba hautamuua mtu.

Akapiga mstari juu ya “halijulikani”. Akaandika: Eliud Kamugisha, mkulima wa kahawa, mzaliwa wa Nyakashozi. Akapiga mstari juu ya “nje ya nchi”. Akaandika: Mtanzania. Akapiga mstari juu ya “kando ya barabara”, akaandika: katika ghala la Idara, akiwa amefungiwa, kwa kosa la daftari nililoandika mimi. Akasaini. Akatoa mhuri wa kijiji kwenye pochi, akaupulizia pumzi, akaugonga kwa nguvu mpaka meza ikatikisika.

Gosbert akaisoma mara mbili. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Jovitha baridi.

“Mwandiko mzuri,” akasema. “Huu mwandiko naujua.”

Akavuta droo, akatoa daftari la wakazi wa Nyakashozi, lile la kurasa nyingi, lenye mhuri uleule. Akalisukuma mbele ya Jovitha.

“Makao makuu wana orodha ya watu saba. Mmoja amekufa. Ninao sita, na mimi siwezi kupeleka pungufu.” Akainama kidogo mezani. “Nisaidie jambo moja dogo, Mtendaji. Nitafutie jina lako humo.”

“Jina langu?”

“Ndiyo. Ukiliona, nenda kazike.”

Jovitha akafungua daftari. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kikasimama pale ilipostahili kuwapo kaya ya Nestory; haikuwepo.

Kaya moja, mstari mmoja: mwenye mji, halafu wote wanaokula jikoni mwake. Alikumbuka daftari la kuzikana na rula. Alikumbuka jinsi alivyoibana kwa mkono wa kushoto, kalamu nyekundu ikipita juu ya Nestory, juu ya Edith, juu ya watoto watatu, hadi jina la mwisho la kaya ile: Jovitha, dada, mjane. Aliyapita yote bila kusoma, macho yamejaa machozi ya aibu yake, na kijijini hakuna aliyegundua, maana msomaji wa daftari lile ni yeye.

Huko nje breki za lori zikalia, na buti nyingi zikashuka kwa pamoja kwenye changarawe.

“Vipi,” Gosbert akauliza, “umeliona?”